Vidole Viwili vya Sabela

Sabela alikuja na kalipa mbili ndani ya ndoo ya zabibu,
kazifunga gazeti kama samaki,
kila moja pistoni nne,
zimetoka kwenye pikipiki kubwa iliyoporomokea mto Sil
chini ya mizabibu ya Eladio.
"Zifunge," akasema.
"Nimechoka kumsumbua Mungu kila kona."

Sikubishana. Novemba, hapa O Barco,
mwenye fedha taslimu habishiwi.
Nikang'oa kalipa yake ya zamani, moja tu,
pistoni mbili zilizochoka kama punda wa machimbo.
Nikafunga mpya, kulia na kushoto,
nikavuta hosi, nikatoa upepo
mpaka oili ikashuka safi, bila povu.

Akabana mkono wa breki.
Ukaenda.
Ukaenda tena.
Ukagusa mshikio.

"Umeacha upepo ndani."
"Upepo hakuna. Kuna wageni wanane
na sufuria ya wawili."

Maana masta silinda ilikuwa ileile ya kiwandani,
milimita kumi na nne, kikombe cha mtoto.
Oili haishindiliki, husukumwa tu,
na iliyosukumwa ilikuwa kidogo:
wanane wakalamba, hakuna aliyeshiba.

Basi nikafungua droo ya chini.
Nilikuwa na kumi na tisa, nyeusi, inang'aa,
niliyoificha kwa siku ya kujionyesha.
Nikaifunga. Mkono wa breki ukawa jiwe,
hauendi hata unene wa shilingi.
Nikashuka nayo hadi darajani, nikapanda,
nikasimama mbele yake kwa madaha:
"Hiyo ndiyo breki, binti!"

Akaipanda, akaiachia mteremko wa mlangoni.
Nikamwona akibana.
Nikaona shingo yake ikikaza, mdomo ukikunjamana,
na pikipiki inatambaa, inatambaa, haina haraka,
ikaenda kupiga pipa langu la taka.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana.
Alivua glavu tu.

Nilijua. Mji mzima ulijua.
Msumeno wa machimbo ya mawe ya kuezekea
ulibaki na kidole chake cha shahada na cha kati,
na kampuni ikampa barua yenye muhuri mzuri.
Breki anaibana kwa cha pete na cha mwisho.
Nami nilikuwa nimepima kila chuma karakanani,
kwa kalipa ya kupimia, hadi sehemu ya kumi ya milimita,
mkono sikuupima.

Usiku ule nikaokota kigae, nikatafuta chaki.
Eneo la pistoni, upande mmoja, ligawe kwa eneo la masta.
Kumi na nne: ishirini na moja kwa moja, uji.
Kumi na tisa: kumi na moja na kitu, ukuta.
Kumi na sita ikanipa kumi na sita kwa moja,
hesabu imejitazama kwenye kioo, ikacheka.
Mwenye vidole vitano angeishia hapo, akalala.

Tuliijaribu Jumamosi. Ilisimama vizuri.
Lakini chini ya mlima alikung'uta mkono
kama mtu aliyeshika sufuria ya moto,
akadhani simwoni.

Nikaagiza kumi na tano.

Nimeiendesha mwenyewe; siipendi.
Inazama mno, inanibembeleza,
mkono wangu mzima unaona inadanganya.
Kwake inazama mpaka pale vidole viwili vinapojikunja,
na pale ndipo vina nguvu zake zote,
hapo ndipo disiki inaposhikwa.

Sasa akipita jioni kwenda kwa mama yake
husikii chochote kwenye ile kona ya kanisa,
si mlio, si kiatu kuburuzwa lami.
Injini inashusha sauti, inapandisha,
ameshapita.

Ile kumi na tisa imerudi drooni.
Pipa bado lina bonde.
Sijalinyoosha.