Mcheche, Msano

Kazi yangu ni kuhesabu.
Lango namba tano, bandarini, zamu ya usiku:
kasha likishuka naandika, likipanda naandika,
nambari, lakiri, uzito, liendako.
Miaka kumi na tisa sijapoteza hata moja.

Shangazi Sikudhani alipohama Gerezani kwenda kwa mwanawe Mbagala
tulikuta chini ya kitanda sanduku la bati,
na ndani, kati ya kanga mbili zilizoliwa na mende,
karatasi iliyokunjwa mara nane.
Tai wa Mdachi juu. Muhuri. Sahihi kama mkia wa mjusi.
Jina: Faida.
Kabila: mstari mtupu.
Bei: rupia arobaini,
zimelipwa na yeye mwenyewe.

Soma tena, nilimwambia mpwa wangu, macho yako mazima.
Akasoma. Yeye mwenyewe.
Alijinunua kama mtu anunuavyo samaki Feri,
ila samaki hapangi foleni na fedha mkononi.

Faida. Ndivyo walivyoita mali zao,
majina matamu mdomoni mwa mwenye kuita.
Leo jina hilo lina safu yake
kwenye taarifa ya mwaka wanayotubandikia ubaoni,
mkono wa kulia, baada ya gharama.

Shangazi alitaka karatasi ichomwe.
"Sisi asili yetu Barawa," alisema, "muulize yeyote."
Nikamuuliza yeye.
Akanyamaza mpaka chai ikafanya ngozi.
Kisha akasema Kilwa. Kisha akasema: nyuma ya Kilwa,
mwezi mzima kwa miguu nyuma ya Kilwa.
Walitekwa kumi na mmoja, wa ua mmoja.
Sita hawakufika pwani.
Wawili Unguja, mikarafuuni.
Mmoja Uarabuni, kuzamia lulu.
Mmoja Wafaransa walimpeleka kisiwani kwenye miwa,
wakamwandika kibarua ili dhamiri ipate usingizi,
na huko, nasikia, watu walipewa majina ya miezi.
Yeye, mdogo wao, akaletwa hapa
Sultani alipotaka mji.

Mji ukaitwa wa salama
kabla ukuta wake wa kwanza haujakauka.

Alibeba chokaa.
Matumbawe yalichomwa usiku, asubuhi yeye na kikapu,
na akiwa na miaka kumi nywele zake zilikwisha kuwa za ajuza.
Boma la Kale nalipita kila siku.
Mara moja niliweka kiganja ukutani.
Mlinzi akanifukuza: hapa hapashikwi, mama.

"Na jina lake la kwanza?"
"Halikusemwa."
"Lugha yake?"
Shangazi akacheka bila meno.
"Lugha! Mtoto aseme, kiboko kijibu?"
Akachovya mkate.
"Ila vikapu alihesabu. Na hapo ulimi ulimtoroka.
Moja, mbili, tatu,
mcheche, msano,
halafu sita, kama hakuna lililotokea.
Babu alituambia alihesabu hivyo mpaka anakufa."

Mimi nilidhani ni upuuzi wetu wa kuruka kamba!
Uani, Gerezani, vumbi miguuni,
moja, mbili, tatu, mcheche, msano,
aliyekanyaga katoka.

Nyumba hakuacha. Shamba, mnazi, hata pete, hakuacha.
Nne na tano.

Chiwaula wa Tunduru, tunayekula naye zamu,
nilipomtajia aliweka kijiko chini.
"Nani kakufundisha hesabu za kwetu?"
Sikuwa na jibu fupi.
Akanisogezea nusu ya muhogo wake,
na hatukusema tena mpaka king'ora.

Karatasi sikuichoma. Fremu pia sikuitia.
Imo kwenye mfuko wa koti la kazi, upande wa redio.
Jana kulikuwa na meli moja tu, na mvua.
Kasha la kwanza. La pili. La tatu.
Nikatazama huku na huku,
nikabonyeza kitufe, nikasema
mcheche.
Msano.

Winchi ikasimama hewani.
"Lango tano," msimamizi akaita, "sijakupata. Rudia hesabu."
Nikarudia.