Sukari ya Alfajiri

Kabla ya adhana, sijatia hata mate kinywani,
tone la damu, kijimashine kikalia:
kumi na moja nukta mbili.
Nani kala usiku, nami nimelala?
Nilimshuku mjukuu. Nikaifungia sukari kidakani.
Kesho yake, kumi na moja vilevile.

Mulki, muuguzi wa Langoni, hakunigombeza.
Alinigusa chini ya mbavu, upande wa kuume.
"Mwizi hakuruka ukuta, Bi Barke.
Ini hukesha likipika sukari
ubongo usife njaa usingizini.
Insulini hubisha hodi: basi, zima moto.
Lakini ini lililoshiba mafuta ya kuganda
huwa kama kiziwi jikoni mwa harusi,
huchochea tu."

Nikaliona karai langu,
miaka thelathini ya mahamri,
mafuta meupe ya debe, yakilala huwa nta.
Nikaiona samli.
"Na tui?" nikauliza.
Mulki akainama. "Tui nalo, punguza."
Hapo neno likanikata maini,
maini yayo hayo.

Sasa ni uto wa simsim, kijiko kimoja,
kibua wa kuchoma na ndimu.
Mahamri ya wateja bado nayakaanga kwa lile la debe;
hilo sijalimaliza na moyo wangu.

Jana: nane nukta tisa.
Usiku naweka kiganja kuume,
nanong'ona, wa nyumbani wasisikie:
lala nawe, mwenzangu,
umepika vya kutosha.