Mjumbe wa Chuma

Mkono wa gia, uliochomoza kwenye dashibodi
kama mpini wa mwavuli uliosahauliwa ukutani,
ulikuwa ukizunguka bure kiganjani mwangu,
kijiko ndani ya kikombe kitupu.
Namba moja niliipata. Ya pili, kwa kubembeleza.
Ya tatu niliitafuta kama mgeni anayepapasa swichi
usiku, katika nyumba asiyoijua,
na mara nyingi nilichokipata ni mkwaruzo tu
uliowarusha ndege wa tero majanini.

Trinidad, mwezi wa Julai, baridi ya kuuma kucha,
mji mzima ulikuwa daktari wa Reno yangu.
Olivera wa kituo cha mafuta: giaboksi imekufa, mzee.
Mnunuzi wa vyuma chakavu alikwisha kunitajia bei kwa kilo.
Nikamtuma Maite, binti wa kaka yangu, miaka saba
(mimi na babake hatusemezani
tangu tugawane kondoo wa mama),
akamuulize, maana alikuwa fundi
kabla mgongo haujamkatalia.
Akarudi akihema, kamasi juu ya mdomo:
"Baba kasema uuze."

Sikuuza. Ukaidi tu, si hekima.

Jumapili nikafungua boneti.
Chuma kirefu, chembamba kama ufito,
kinatoka dashibodini, kinapita juu ya injini,
juu ya rejeta, kisha kinainama mbele
kuishika giaboksi sikio.
Nikamwambia Elvecia akae ndani, asukume, avute.
Mkono wake ukasema: tatu.
Chuma kikaitika, kikaenda, kikayumba,
kikafika kwenye tundu la bamba
palipokuwa na bushi ya mpira,
na tundu likameza nusu ya neno.

Bushi yenyewe ilikuwa imelika, imebaki pete ya masizi;
niliigusa ikanibakia kidoleni kama wanja.
Miaka mitatu nimeitukana giaboksi
na giaboksi ilikuwa ikitii
kile tu ilichokisikia.

Spea? Montevideo labda, baada ya wiki tatu, kwa bei ya kondoo.
Nikaingia jikoni, Elvecia angali kwenye usukani,
nikauchukua ubao wa kukatia nyama, ule wa plastiki,
mweupe, wenye makovu ya visu ya miaka kumi na tisa.
Msumeno. Keekee. Tupa, kisha msasa.
Plastiki ilipopata moto ikatoa harufu ya vitunguu
vya kila Jumapili tuliyowahi kula.
Cha kwanza kilibana mno. Cha pili kilipasuka.
Cha tatu kiliingia kwa kusukumwa na dole gumba,
kwa sauti ndogo,
kama ya mtu anayekubali jambo asilopenda.

Grisi, pini, tukatoka.
Kwenye barabara ya changarawe, ya tatu ikaingia,
ikakaa. Elvecia akatazama malisho upande wake
mpaka tulipopita daraja la mbao:
"Na nyama ya leo nitaikatia wapi?"

Sikupanga kukata kona kwa kaka.
Ramiro alikuwa langoni, na fimbo yake,
ameinamisha kichwa akisikiliza nikishusha gia
kama anayesikiliza kifua cha mtoto.
"Nilimwambia: usiuze," akasema.
Maite alikuwa nyuma yake, nusu uso.
Silabi moja, basi, imedondoka
kati ya lango lake na langu, hatua mia mbili.
Mjumbe hauawi. Nikampa mtoto peremende
iliyonata mfukoni tangu msimu wa kunyoa kondoo.

Ramiro akafungua boneti bila kuomba,
akakishika chuma, akakitikisa.
"Bado inacheza kidogo."
"Kidogo," nikasema.
Akaminya ile bushi nyeupe kwa vidole viwili,
akavinusa, akakunja uso.
"Vitunguu?"