Mlango wa Kutokea

Tampere, theluji hadi dirishani.
Juu ya kabati la viatu
kompyuta yangu kuukuu inavuma.

Wapitao humo hawapigi hodi.
Huingia bila sura,
hutoka wamevaa anwani yangu.

Alfajiri, polisi wawili, buti zinadondosha maji:
"Bi Lehtovaara, nani alipita hapa Jumanne,
saa nane usiku na dakika tatu?"
"Sijui. Niliiweka hivyo makusudi, nisijue."

Wakaibeba. Wakaniachia risiti
na mraba usio na vumbi.
Nikaufuta hata hivyo.

Miaka thelathini na mmoja niliazimisha vitabu;
sikumwuliza mtu
anakitaka cha nini.

Jumatatu nikanunua nyingine, ya mtumba.
Hii inanguruma.
Paka amehamia juu yake, kafuata joto.