Boda

Busia, kabla ya lami,
mjomba Egesa alifunga sifongo
kwenye keria ya baiskeli,
akasimama karibu na geti, akaita:
boda, boda!

Neno la askari lile, la mihuri na kizuizi:
nchi inakomea hapa.
Yeye alilitamka mara mbili tu
likaota magurudumu,
likabeba maharagwe,
Nabwire na mimba yake ya miezi minane,
kuku mmoja mwenye hasira.

Jana bintiye alinipigia simu kutoka Nakuru,
mvua ikimnyeshea,
wala hakuna forodha karibu naye.
"Nimepata boda."
Itakufikisha wapi?
"Mpaka mlangoni."

Mpaka! Nikacheka peke yangu.
Mjomba angekuwapo, angedai nauli.