Mkunga

Mabaharia wa kale walikiita mkunga,
yule wa majini, mrefu, mwembamba, asiyeshikika;
si yule anayepokea watoto.
Watoto, Anguilla iliwasindikiza tu:
waende Santo Domingo wakakate miwa,
waende Slough, Uingereza, wakapange matofali.

Bi Iselda Gumbs, miaka themanini na mitatu,
hana mto wa kukuonyesha, wala mlima.
Anakuonyesha magoti.
"Chumvi ya Sandy Ground ilinila hapa, na hapa.
Saa tisa usiku tumo bwawani,
jua lisije likatukuta."
Bwawa lingalipo. Korongo wamesimama ndani yake
kama makarani waliocheleweshewa mshahara.

Mjukuu wake, Kerwyn, yu ofisini pale Valley,
anauza herufi mbili,
mkia wa anwani za mtandao.
Zisome pamoja: ai!
Mguno tu,
na dunia nzima inapanga foleni kuulipia.

"Unapimwa kwa ratli?" aliuliza bibi.
"Haupimwi. Haushikiki."
"Basi na huo ni mkunga."

Kerwyn anahesabu: dawa za wazee, barabara, madawati.
Bibi naye anahesabu:
Gavana bado huletwa kutoka London
kama barua iliyoandikiwa mtu mwingine,
na bomba lake bado hukoroma bila maji.
Kwa hiyo husikiliza bati,
mfereji, tangi chini ya sakafu.

Jana usiku tone la kwanza lilipogonga,
alisema gizani, bila kumlipisha mtu,
ai.