Hesabu za Fungate

Fungate ni siku saba, wasema wajuao.
Sisi tumepata nne,
na ya kwanza inaanza saa kumi alfajiri,
maana ndege za bei ya chee huruka
wenye pesa wakiwa wamelala.

Malkhazi ameketi jikoni kwetu, Kutaisi,
na daftari lake la ufundi wa lifti,
penseli nyuma ya sikio.
Upande mmoja ameandika HARUSI,
na chini yake ukurasa umejaa hadi pembeni:
nguruwe watatu, viti vya kukodi, mpiga akodiani,
divai ya mjomba Otari, lita mia mbili
(ya bure, lakini petroli ya kuifuata si ya bure),
na watu mia na themanini
ambao tusipowaalika watatununia hadi kaburini.
Upande wa pili: FUNGATE.
Mistari minne tu,
kama makombo yaliyosazwa na wageni.

Nilitaka Paris. Nani hakuitaka Paris?
Nilipokuwa na miaka kumi na sita
niliubandika mnara wake ndani ya mlango wa kabati,
na hadi leo nikifuata soksi, unanitazama.
Malkhazi alipiga hesabu, akapiga tena,
akaniangalia kama fundi anayemwambia mwenye nyumba
kwamba lifti haitapona.
Nikaufunga mlango wa kabati.

Mkoba mmoja kila mtu, uingie chini ya kiti.
Tumeupima kwa rula ya mdogo wangu.
Viatu vya visigino vinaingia, lakini vimebana.
Basi gauni nitalivaa, sweta juu ya gauni,
koti juu ya sweta; naye shati juu ya shati.
Tulipojaribu, bibi Natela alishika mbavu:
"Mnakwenda kustarehe au mnahamia Siberia?"
Kisha akanyamaza, akafungua kabati la unga,
akatoa tungo sita za jozi
zilizochovywa uji wa zabibu zikakauka,
ndefu kama mishumaa ya kanisa.
"Hizi za Lamara," akasema. "Zisivunjike."

Lamara ni mama yangu.
Mwaka wa kumi na moja huu, yuko Bari,
anamwogesha na kumlisha bikizee wa Kitaliano
anayemwita kila siku kwa jina jipya.
Hana karatasi. Akitoka, harudi;
asiporudi, paa hili lingelipwa na nani?
Kwa hiyo kwenye harusi, kati ya viti vyote vile,
cha kwake tutakiwekea simu, iegemee chupa.

"Bari ndiyo rahisi kuliko kwingine kote,"
Malkhazi aliniambia, bila kuinua macho.
"Nimetafuta. Namba hazina upendeleo."
Nikamwamini. Nilikuwa nimechoka kuamua,
vitambaa vya meza, salamu za maaskari wa zamani wa baba yake,
nikamwamini kama unavyomwamini mtu akushikiaye ngazi.

Usiku nikatafuta risiti ya dobi katika lile daftari.
Ukurasa wa nyuma kabisa, kwa penseli hafifu:
Thesaloniki, lari mia mbili na kumi.
Vilnius, mia mbili arobaini.
Bari, mia tatu sitini na tano,
imezungushiwa duara hadi karatasi ikachanika.
Na chini ya duara, mwandiko ule ule wa kupima nyaya:
*Lamara hupumzika Alhamisi mchana, na Jumapili.*

Kwenda, Alhamisi. Kurudi, Jumapili usiku.
Na mimi nilimgombeza, wiki nzima,
kwa nini tusiondoke Jumanne, ambayo ni nafuu.

Nikalirudisha daftari palepale,
penseli juu yake, imelala vilevile alivyoilaza.
Kisha nikafungua mkoba gizani,
nikavitoa viatu vya visigino,
nikazipanga jozi, moja moja,
mahali pake.